Ni lini mtu mzima aombe nafasi ya kusomea udaktari?

KILA mwaka zinapokaribia siku za vyuo vikuu kupokea maombi ya wanafunzi wapya, husikika swali lile lile katika vyumba vya chai vya hospitali na zahanati za huku kwetu, tangu Mtwapa hadi Marafa. Huulizwa kwa sauti ya chini, na aghalabu muulizaji ni tabibu au muuguzi aliyekwisha kuvuka miaka 30: je, wakati wangu wa kwenda kusomea udaktari haujapita? Na wenzake, kwa vile wanampenda, humjibu kwamba miaka itapita tu, asome asisome. Atafika 45 akiwa na shahada ama atafika 45 bila ya shahada.

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, na mwenyewe nimewahi kuwaambia wengine. Leo naomba nafasi katika ukurasa huu niyapinge. Nadhani yamewapotosha watu wa namna mbili: yule aliyekwenda upesi bila ya kupiga hesabu, na yule aliyebaki akiamini kwamba iko siku hesabu itakuja kuwa nyepesi yenyewe.

Kwanza msomaji ajue anayesema naye ni nani. Mimi ni tabibu, yaani yule ambaye serikali humwita afisa wa kliniki na wagonjwa humwita daktari. Nilizaliwa mwaka 1988 upande wa bara wa Malindi, nikafanya mtihani wa KCSE mwaka 2006 na kupata gredi ya B+. Kwa gredi hiyo sikuweza kutumaini nafasi ya udaktari inayolipiwa na serikali. Lakini tangu mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimeanza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia, na baba yangu, aliyekuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Malindi, alisema tutajaribu. Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zilizoufuata. Watalii waliondoka, hoteli za pwani zikabaki na walinzi tu, na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa makwao mwanzoni mwa 2008. Baba alirudi na godoro lake na redio, na habari za Nairobi hazikuzungumzwa tena nyumbani kwetu. Nikaingia chuo cha KMTC nikasomea utabibu kwa miaka 3, nikafanya mazoezi ya mwaka mmoja, na mwaka 2013, pale huduma za afya zilipohamishiwa serikali za kaunti, nikaajiriwa na kaunti moja ya Pwani.

Niliapa kwamba nitafanya kazi miaka 3, kisha nirudi chuoni. Sasa ni miaka 13.

Mwaka 2016 alikuja kwetu daktari mwanagenzi, kijana wa miaka 25, mwenye adabu zake, ambaye hakuwahi kumtia dripu mtoto aliyekaushwa na kuhara. Usiku mmoja akaletwa mtoto kutoka Ganze, macho yamezama na mishipa imekwisha kujificha. Kijana alijaribu mara tatu huku mikono ikimtetemeka, kisha akanitazama. Nilimshika mkono nikamwonyesha mshipa wa kichwani, juu kidogo ya sikio. Mtoto yule alipona. Kulipopambazuka kijana aliniita "mwalimu" mbele ya wauguzi, nami nikaona fahari siku nzima. Leo yeye ni daktari bingwa wa watoto. Tunasalimiana kwa simu siku za sikukuu, na kila simu ikikatika huwa nafikiri kwamba muda uliomtoa kwenye uanagenzi hadi kwenye ubingwa, mimi niliutumia kusema "mwakani".

Hapa lazima nijihadhari, kwa maana kijicho ni sababu mbaya ya kwenda chuoni. Nimewaona wenzangu waliokwenda kwa ajili ya koti na jina, wakachoka mwaka wa pili. Kabla ya kuuliza ni lini, mtu na aulize anakosa nini hasa. Tabibu mwenye stashahada aweza kurudi chuoni kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu, akatoka na stashahada ya juu katika magonjwa ya watoto, macho, mifupa, uzazi, au kazi ya kuwalaza wagonjwa wakati wa upasuaji. Wako matabibu wa macho katika nchi hii wanaoondoa mtoto wa jicho kwa mikono yao wenyewe. Mzee wa Bamba aliyerudishiwa nuru haulizi aliyempasua alisoma miaka mingapi. Ikiwa haja ya mtu inatoshelezwa na njia hiyo, basi aifuate bila kuona haya, asipoteze miaka 7 kwa kushindana na watu.

Haja yangu haitoshelezwi nayo. Kwa miaka 9 nimehudumu katika kliniki ya watoto wenye selimundu, maradhi ya damu ambayo sisi watu wa mwambao tumeyarithi kwa wingi, kwani damu hiyo hiyo, mtu akiirithi kwa mzazi mmoja tu, humkinga na malaria kali. Nilipoanza, watoto wale walibebwa mgongoni. Baadhi yao sasa wana ndevu. Wamekua kwa sababu ya chanjo, dawa na mama zao wasiokosa tarehe, nao wanapofika utu uzima wanakutana na figo, mapafu na mifupa inayooza nyongani, mambo ambayo mimi nayatambua lakini sikufunzwa kuyatibu hadi mwisho. Naandika rufaa. Mgonjwa huenda, hungoja, hurudi, na akirudi huja kuniuliza mimi aliyoambiwa huko.

Nilikuwa na kaka. Nyumbani hatukujua jina la maradhi yake. Tulisema tu kwamba viungo vinamuuma. Alifariki mwaka 1990 akipelekwa Mombasa, gari likiwa katika foleni ya kivuko cha Kilifi, mwaka mmoja kabla ya daraja kufunguliwa. Mimi nilikuwa na miaka 2, simkumbuki.

Basi tupige hesabu. Masomo ya udaktari katika vyuo vikuu vya Kenya ni miaka 6, na ukiongeza mwaka wa uanagenzi ni 7. Nikianza mwaka huu wa 2026 nikiwa na miaka 38, nitamaliza nikiwa na 45. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60, tangu serikali ilipouongeza umri huo kutoka 55 mwaka 2009. Nabakiwa na miaka 15 ya kufanya kazi. Kwa sheria ya zamani ningebakiwa na 10, na nadhani ningeiacha fomu ikae. Anayeanza na miaka 30 hubakiwa na 23. Anayeanza na 45 hubakiwa na 8, na huyo, angekuwa rafiki yangu, ningemsihi afikiri mara ya pili, isipokuwa kama ana zahanati yake mwenyewe, maana huko hakuna wa kumstaafisha. Na nisijidanganye kuhusu ubingwa: ukiongeza miaka 4 ya kusomea damu au watoto, nitakuwa nakaribia 50. Pengine nitabaki daktari wa kawaida anayesimamia kliniki moja vizuri. Hilo nimelikubali.

Umuhimu wa hesabu hii ni kwamba haijali mtu ana miaka mingapi tangu azaliwe, bali ana mingapi mbele yake ya kuwafaa watu. Sisi huulizana kinyume. Tunamwuliza mtu, "Utamaliza ukiwa na miaka mingapi?" kana kwamba uzee ni aibu, ilhali la kumwuliza ni atakuwa amebakiwa na mingapi.

Hesabu ya pili ndiyo ile inayofichwa na wasemao kwamba miaka itapita tu. Miaka haipiti sawasawa. Miaka 7 ya tabibu aliye kazini hupita na mshahara, bima na akiba ya uzeeni. Miaka 7 ya mwanafunzi hupita bila ya hayo, na juu yake kuna karo, ambayo kwa anayejilipia huwa mamia ya maelfu ya shilingi kila mwaka. Utaratibu wa serikali wa kugawa nafasi umeundwa kwa ajili ya kijana aliyetoka shuleni juzi. Mtu mzima mwenye stashahada yake hujikuta katika mlango wa wanaojilipia, na mlango huo haujali kwamba ana watoto.

Mimi ninao watatu. Kifungua mimba wangu aliingia Gredi ya 10 Januari 2026, katika kundi la kwanza la sekondari ya juu chini ya mtaala mpya. Atamaliza mwishoni mwa 2028, na Mungu akipenda ataingia chuo kikuu mwaka 2029, wakati ambapo mimi nitakuwa naanza mwaka wa nne. Mama na mwana wote wanafunzi, na mshahara mmoja wa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ni mume wangu. Nilipomwonyesha hesabu hii usiku mmoja, aliitazama muda mrefu kisha akasema, "Mama watoto, mbona jina langu silioni mahali popote hapa isipokuwa kwenye kulipa?" Alisema kweli. Nilikuwa nimeandika miaka yangu na miaka ya watoto, yake sikuiandika.

Tangu usiku ule nimeshika neno moja, nalo ndilo nililokuja kulisema. Swali la lini halijibiwi kwa umri wa mwombaji. Hujibiwa kwa kuangalia mzigo wake utamwangukia nani atakapoondoka, na kama mtu huyo ameulizwa.

Mzazi, kwa nilivyoona mimi, hupata nafasi mbili. Ya kwanza ni wakati watoto wangali katika shule ya msingi ya kutwa, ambapo chakula na sare ndizo gharama. Ya pili ni pale wote wanapotoka mikononi mwake. Ya kwanza imenipita nikiandika barua za kuomba likizo ya masomo. (Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba ya kwanza haikuonekana katika faili.) Ama ya pili, kitinda mimba wangu yuko Gredi ya 3 na atamaliza shule mwishoni mwa 2035. Nitakuwa na miaka 47. Nikianza mwaka utakaofuata nitamaliza nikiwa na 55, nibakiwe na miaka 5, ambayo haitoshi hata kulipa deni. Mwenye kungoja hivyo afahamu kuwa tayari amekwisha kuamua kutokwenda, ila hajajiambia.

Wenzangu wakiniona nimenyamaza hunitajia watu mashuhuri. Hunitajia Hastings Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, aliyeondoka Afrika mwaka 1925 akaenda Marekani, akasomea historia Chicago hadi mwaka 1931, na akapata shahada ya udaktari katika chuo cha Meharry mwaka 1937. Mwaka wa kuzaliwa kwake una utata, lakini wengi huutaja 1898, na kwa hesabu hiyo alikuwa na takriban miaka 39. Hata hapo hakuishia. Alikwenda Edinburgh kusoma tena ili aruhusiwe kutibu katika dola ya Mwingereza. Hunitajia pia Albert Schweitzer, mhubiri na mpiga kinanda, aliyeanza kusomea udaktari mwaka 1905 akiwa na miaka 30, marafiki zake wakimwona amerukwa na akili, na mwaka 1913 akaenda Lambaréné, Gabon, akajenga hospitali kando ya mto.

Nawaheshimu wote wawili, lakini mifano hii hainisaidii kama wenzangu wanavyodhani. Banda hakuwa na watoto watatu waliomngoja nyumbani, na aliishi miaka ile kwa misaada ya wafadhili. Schweitzer alioa mwaka 1912, mitihani yake mikuu ikiwa imekwisha. Hakuna aliyewauliza nani atapika. Wanachonifunza ni kwamba akili ya mtu wa miaka 35 inaweza kumeza vitabu vya mwili wa binadamu. Hilo sikulitilia shaka hata mara moja, kwani miaka 13 ya wodini imenifunza kuyashika mambo kuliko nilivyoweza nikiwa na miaka 19.

Iko hatari nyingine ambayo haikuwako mwaka nilipoanza kazi. Zamani, aliyemaliza udaktari alikuwa na uhakika wa mahali pa kufanyia uanagenzi. Siku hizi wahitimu hungoja. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na mojawapo ya sababu ilikuwa wanagenzi wenyewe: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi ilhali mkataba wa mwaka 2017 uliwapa shilingi 206,400. Kijana wa miaka 24 anayengojeshwa hurudi kwa wazazi wake. Mimi nitakayekuwa na miaka 44 nitarudi kwa nani? Kwa hiyo katika hesabu zetu tumeongeza mwaka mmoja wa kukaa bure. Nawasihi wote walio katika safari hii waongeze mwaka huo pia, wala wasimsikilize mtu atakayewaambia kwamba wana mkosi mdomoni.

Nawajua matabibu wenzangu waliokwenda Ishaka, magharibi mwa Uganda, ambako chuo kikuu cha kibinafsi kimewapokea Wakenya wengi na masomo ni miaka 5. Kutoka Malindi hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,500, na mama wa watoto wadogo huenda akawaona mara mbili kwa mwaka. Wapo waliorudi madaktari, na tunawapigia makofi. Wapo wawili ninaowafahamu waliorudi mwaka wa tatu na mikoba yao, si kwa kushindwa masomo, ila kwa sababu fedha ziliisha. Hao hatuwataji katika vyumba vya chai. Nimejifunza kwao zaidi kuliko kwa waliofaulu, na funzo lenyewe ni hili: asiondoke mtu kabla hajaiona karo ya miaka miwili ya kwanza kwa macho yake, katika akiba ya ushirika na si katika ahadi za ndugu. Akisha kuiona, asingoje ya miaka 6. Hakuna mfanyakazi wa umma atakayeiona hiyo yote kwa pamoja.

Nimesema mengi kuhusu waombaji, na nisingetenda haki nikiwaacha wenye mamlaka. Majirani zetu walikwisha kulifikiria jambo hili kwa njia zao. Tanzania ilikuwa na ngazi kwa miongo mingi: tabibu aliyefanya kazi miaka kadhaa aliweza kusoma miaka 2 akawa daktari msaidizi, akaruhusiwa kupasua, na wengi katika wilaya za mbali walizalishwa na mikono ya hao. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwenda mbali zaidi, likataka wanaotoka kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, na mimi siyatamani yote, lakini yalikuwa na wazo moja zuri ndani yake, kwamba aliyefanya kazi anajua anachokwenda kukitafuta. Makerere wana mtihani wa watu wazima, wa waliotimiza miaka 25, ambao huwafungulia chuo watu ambao gredi zao za ujanani hazikuwatendea haki.

Sisi mwaka 2018 tulileta madaktari wapatao 100 kutoka Cuba tukawagawa katika kaunti zetu 47, na mpango huo ukamalizika mwaka 2023. Sikuwa na ugomvi nao. Walikuwa watu wa kazi. Lakini nilipokuwa namfasiria mmoja wa wageni hao maneno ya bibi mmoja wa Kigiriama, ambaye alisema moyo wake "unamtafuna" naye mgeni akaandika ugonjwa wa moyo ilhali bibi aliumwa tumbo, nilijiuliza gharama ya kumleta mtu kutoka ng'ambo ya bahari ingewasomesha matabibu wangapi wa Marafa, Vitengeni na Garashi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, liliyashauri mataifa yawapendelee wanafunzi waliotoka mashambani, kwa sababu hao ndio wenye uelekeo wa kurudi kufanya kazi mashambani. Sasa fikiria mtu aliyekwisha kukaa huko miaka 10, amejenga, anaoza na kuozesha huko. Huyo atakwenda wapi?

Na hapa Kilifi, ambako tangu mwaka 1989 kuna kituo cha utafiti kinachosomwa na madaktari wa dunia nzima kwa kazi zake za malaria, si haki kwamba mtu mzima mwenye nia afanye mipango yake kwa kubahatisha.

Ninachokiomba kwa serikali za kaunti za Pwani si kikubwa. Kila mwaka kaunti iwatenge matabibu na wauguzi wawili au watatu, iwape likizo ya masomo pamoja na mshahara wao wa msingi, na iwafunge kwa mkataba wa kuitumikia kaunti kwa miaka kama ile waliyosomeshwa. Na majina ya wanaongojea yabandikwe ukutani, yakifuatana kwa miaka ya kazi, ili kila mtu ajue zamu yake ni mwaka upi. Nalitilia mkazo la kubandika kuliko hata la mshahara. Tabibu wa miaka 29 anayejua kwamba zamu yake ni miaka 4 ijayo ataweka akiba, atapanga uzazi wake, atazungumza na mume au mke wake, atarudia kemia usiku. Yule asiyejua lolote hungoja barua, na hao wangojao barua ndio niliowaona wakifika 40 wakiwa bado wanasema "mwakani".

Najua litakalojibiwa, kwamba fedha hazipo na kwamba wakisomeshwa watatorokea Nairobi. La fedha liko hivi: tabibu aliye kazini analipwa tayari, na pengo lake laweza kuzibwa na mmoja wa matabibu vijana waliohitimu ambao sasa wamekaa nyumbani bila ajira. La kutoroka, mkataba ndio kazi yake, na kijana wa miaka 25 ndiye mwepesi wa kutoroka kuliko mama mwenye minazi na wakwe.

Sisi hatukungoja ukuta ubandikwe. Tumehesabu, mimi na Mwalimu, na safari hii miaka yake imo. Karo ya miaka miwili iko katika ushirika wake na wangu. Nimeandika barua ya tatu, ya kuomba likizo bila ya mshahara, na nakala yake iliyopigwa muhuri ninayo mwenyewe. Kifungua mimba wetu ameambiwa mambo yote kama mtu mzima. Alinyamaza, kisha akauliza kama tutatumia vitabu vile vile akija kusomea udaktari naye. Kliniki ya selimundu nitamwachia dada mmoja niliyemfunza kwa miaka minne, na wale wenye ndevu wamekwisha kuapa kwamba watanipigia simu.

Mama yangu alikuwa kwetu juma hilo, amekuja kupimwa presha. Alitusikiliza siku mbili bila ya kusema, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ukimaliza nitakuwa hai?" Nilimwambia sijui, mama. Akasema basi afadhali nianze upesi.

Fomu yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya watoto, kwani ukurasa wa mwisho una mstari wa sahihi ya mzazi au mlezi. Nilicheka nikataka kuuacha mtupu. Mwalimu akasema atatia yeye, maadam ndiye atakayelipa. Mama akamwambia, "Wewe umemwoa, hukumlea," akavuta kiti karibu na meza na kuniuliza ni kidole gani kinachotakiwa. Nikamwambia gumba la kushoto, na Mwalimu akaenda kwa jirani kutafuta wino.